Pesa ndiyo, nguo hapana

Sheria Nyumbani: Mama Wakili anajibu barua za wasomaji

SWALI

Shikamoo Mama Wakili. Baba yangu ana miaka 71. Miezi minane iliyopita alipata kiharusi. Upande wa kulia umepooza na usemi umemtoka, limebaki neno moja tu: "haya". Ukimwuliza kama amelala vizuri, haya. Ukimwuliza kama anaumwa, haya. Pensheni yake inaingia benki lakini hakuna mwenye ruhusa ya kuitoa, na sisi watoto watano tumekopa hadi tumechoka ili atibiwe. Kaka yetu mkubwa ana hati ya uwakili ambayo baba alimpa miaka sita iliyopita ili amfuatilie mambo yake, lakini benki wameikataa. Sasa kaka amepata mnunuzi wa kiwanja cha baba. Anasema baba aliulizwa mbele ya mashahidi akajibu "haya", kwa hiyo amekubali, na kilichobaki ni kumshika mkono atie dole gumba. Mimi nilikataa, na tangu siku hiyo tunasalimiana kwa shida. Shemeji anasema twende mahakamani tukachukue usimamizi wa mirathi yaishe. Je, mahakama inaweza kutupa mamlaka hayo? Tuanzie wapi?

Binti wa Tatu

JIBU

Marahaba, binti yangu. Pole kwa kuuguza, na pole kwa hizo salamu zilizopoa. Nianze na lisiloweza kungoja: hilo dole gumba lisitiwe, hata mkileta mashahidi kumi. Sahihi au alama ya dole ina maana pale tu mwenye mkono anapojua anachokikubali. Nimewahi kuletewa mkataba wa namna hiyo. Alama ya dole ilikuwa na mkia. Wino ulikuwa umeburutika hadi ukingoni mwa karatasi, kwa sababu mzee alikuwa akiuvuta mkono wake na mwanawe akiurudisha. Hakimu aliitazama karatasi ile kitambo kirefu bila kusema neno. Mauzo yalifutwa, mnunuzi akadai pesa zake zilizokuwa zimeshatumika, na yule kijana aliyedhani anaokoa matibabu ya baba yake akajikuta anajibu tuhuma za kughushi. Nilimwamini wakati ule kwamba hakuwa na nia mbaya, na mpaka leo namwamini. Lakini mkono ulivutwa, na karatasi ilionyesha.

La pili, mwambie shemeji yako kwa upole kwamba neno mirathi litoke kwenye mazungumzo yenu. Mirathi ni ya marehemu. Baba yenu yu hai, yumo humo humo ndani ya nyumba, na masikio yake huenda ni mazima kabisa. Mnachokitafuta ni usimamizi wa kisheria wa mtu mzima ambaye hawezi kujiamulia mambo fulani. Wengine huuita ulezi. Mimi sipendi kulitumia neno hilo kwa mzee aliyewalea ninyi watano, ingawa huenda mkalikuta kwenye fomu.

Sasa nirudi kwenye hilo "haya", maana ndilo lililonifanya niichague barua yako. Mwaka 1861, mjini Paris, daktari Paul Broca alieleza habari za mgonjwa aliyekuwa amebakiwa na silabi moja kwa miaka mingi: "tan". Ulichomwuliza chochote alijibu "tan, tan". Lakini mengi aliyoambiwa aliyaelewa, na akiulizwa idadi aliionyesha kwa vidole. Alipofariki, Broca alikuta ubongo wake umeharibika sehemu ya mbele upande wa kushoto. Upande huo wa ubongo ndio pia unaoendesha mkono na mguu wa kulia, na ndiyo maana kupooza kulia na kupotewa na usemi mara nyingi huja pamoja, kama ilivyomtokea baba. Kwa hiyo huenda hilo "haya" si ndiyo wala si hapana. Huenda ni sauti iliyosalia. Kaka yako amekosea kuihesabu kuwa kibali. Na ninyi wengine mtakosea vilevile mkiihesabu kuwa ushahidi kwamba baba haelewi kitu.

Mjaribuni hivi. Iwe asubuhi, amelala vya kutosha, redio imezimwa, na mtu mmoja tu akae mbele yake. Amvalishe miwani yake kama anayo. Amwulize mambo ambayo majibu yake mnayajua, na nusu ya maswali hayo jibu liwe hapana. "Una watoto kumi?" "Mimi ni mdogo wako?" Msiusikilize mdomo. Tazameni macho, kichwa na ule mkono wa kushoto. Kisha chukueni karatasi mbili, moja muiandike alama ya vyema (ndiyo) na nyingine alama ya mkasi, yaani X (hapana), aguse mojawapo. Swali lilelile mligeuze mlirudie baada ya muda, mwone kama jibu nalo linageuka. Mkiona anapatia mara nyingi kuliko bahati, mtafutieni mtaalamu wa tiba ya usemi aendelee kitaalamu, naye aandike alichokiona. Mwangalieni pia dawa zinazomsinzisha, na msisahau mkojo. Maambukizi ya njia ya mkojo peke yake yanaweza kumvuruga mzee akili siku kadhaa, na yakitibiwa akarejea. Mtu asipimwe uwezo wake katika wiki kama hiyo.

Haya mambo ya karatasi na mkasi ndiyo kesi yenyewe. Sheria ya Uingereza ya mwaka 2005 kuhusu uwezo wa akili iliyaweka wazi kuliko nyingi nilizosoma: mtu anahesabiwa kuwa na uwezo mpaka ithibitike vinginevyo, na kinachopimwa ni kama anaweza kuelewa maelezo ya uamuzi ulio mbele yake, kuyashika kichwani kwa muda wa kutosha, kuyapima, na kuufikisha uamuzi wake kwa njia yoyote ile, hata kwa kufumba jicho. Kinachopimwa ni uamuzi huu, kwa wakati huu. Anayeshindwa kuelewa mkataba wa kiwanja anaweza kabisa kujua nani anataka amwogeshe. Nchi yenu ina sheria yake na maneno yake, ila jaji makini atauliza mambo ya jamii hiyo.

Hati ya uwakili aliyonayo kaka yako: benki huenda hawakukosea. Kwa kanuni ya zamani, katika nchi zinazofuata mapokeo ya sheria ya Kiingereza, mamlaka ya wakala hukoma pale aliyeyatoa anapopoteza uwezo wa kuamua, isipokuwa hati iwe imeandikwa mahususi ili idumu hata baada ya hapo. Isomeni upya kifungu kwa kifungu. Mkikuta maneno ya kudumu namna hiyo, mpelekeeni wakili kabla hamjafungua ombi lolote, huenda safari ya mahakamani isihitajike. Na kama majaribio yataonyesha kwamba baba anaelewa suala la pensheni akielezwa polepole, basi anaweza kutoa hati mpya leo hii, ya pensheni tu, mbele ya ofisa anayeruhusiwa kushuhudia hati, na daktari aandike siku hiyohiyo jinsi alivyomwuliza na jinsi baba alivyojibu. Mahakama iwe njia ya mwisho. Nasema hivyo mimi ambaye mahakama ndiyo kazi yangu.

Tuseme sasa imeonekana hawezi. Hapo ndipo mnapokwenda. Jina la mahakama na la ombi hutofautiana nchi na nchi, kwa hiyo mtu wa kwanza kumwona ni karani wa masjala. Mwulizeni fomu, ada, na kama kuna msaada wa kisheria kwa wasiomudu wakili. Yaliyomo ndani hayatofautiani sana: ombi lenyewe, hati ya kiapo ya mwombaji, ripoti ya daktari, orodha ya mali na madeni ya baba, na majina ya ndugu wote wa karibu. Nimesema wote. Yule mnayesalimiana naye kwa shida awe wa kwanza kwenye orodha. Ndugu aliyefichwa akijitokeza siku ya kusikilizwa, jaji atajiuliza ni nini kingine mmekificha. Baba naye apewe taarifa, asomewe, hata kama mnadhani haitamwingia. Mahakama nyingi pia humtuma mtu asiye wa familia akamwone nyumbani na kuandika alichokikuta.

Ripoti ya daktari ndiyo inayoangusha maombi mengi. Nimeziona za mstari mmoja: "Mgonjwa amepata kiharusi, hawezi kujisimamia." Hiyo haimsaidii jaji. Kiharusi ni ugonjwa. Jaji anataka kujua uwezo. Mwombeni daktari aandike alimwona lini, alitumia njia gani kuwasiliana naye, alimwuliza nini, ni maamuzi yapi baba ameshindwa na yapi ameweza, na kama kuna matumaini ya nafuu na baada ya muda gani apimwe tena. Mpelekeeni maswali haya yameandikwa, maana daktari ana foleni nje.

Na hapa nikueleze yaliyonipata mimi, kwa sababu ndiyo maana naandika safu hii.

Mdogo wangu wa kiume aliumia kichwa akiwa na miaka 34. Niliandika ombi mwenyewe. Nilikuwa wakili wa miaka kumi na miwili, ombi lilikuwa safi, viambatisho vimepangwa, na pale palipotakiwa kueleza mamlaka ninayoomba niliandika: "mambo yake yote". Siku ya kusikilizwa jaji aliweka faili chini, akaegemea mbele, akamwita mdogo wangu kwa jina. Akamwuliza, "Unataka dada yako akusimamie?" Mdogo wangu alikaa kimya. Alikuwa akigusa vifungo vya shati lake kimoja kimoja, kuanzia juu kushuka chini, na sisi sote tukimngoja. Kisha akasema, "Pesa ndiyo. Nguo hapana."

Hakuna aliyeelewa ila mimi. Tangu atoke hospitali nilikuwa nikimtandikia nguo kitandani kila asubuhi, zile rahisi kuvaa, zisizo na vifungo. Siku ile mahakamani alikuwa amevaa shati la vifungo. Nilikuja kujua baadaye kwamba aliamka usiku kulivaa, na lilimchukua karibu saa nzima. Jaji aliandika kwenye amri kwamba msimamizi atashughulikia fedha, madeni na matibabu, na kwamba mengine yote yanabaki mikononi mwa mdogo wangu mwenyewe. Nilikuwa nimeandika kurasa kumi na nne juu ya mdogo wangu bila kumwuliza swali ambalo jaji alimwuliza kwa sekunde tano.

Ndiyo maana nakuomba, binti yangu: msiende mahakamani kuomba mpewe baba yenu mzima mzima. Ombeni kazi mahususi. Andikeni: kutoa pensheni benki, kulipa matibabu, kulipa madeni haya na haya. Mkihitaji kingine mwakani mtarudi. Amri finyu ni rahisi kupewa na ni rahisi kuibeba. Na yapo mambo ambayo kwa kawaida msimamizi hapewi hata akiyaomba. Chini ya ile sheria ya Uingereza, hakuna anayeweza kumwolea mtu mwingine, kumpigia kura, wala kuridhia tendo la ndoa kwa niaba yake.

Nani awe msimamizi? Mwulizeni yeye. Chukueni picha zenu watano, kila mmoja picha yake, mzipange mbele yake, mmwulize nani ashike pesa zake. Kesho mzipange kwa mpangilio mwingine, mwulizeni tena. Mtu asiye mtoto wake awepo, aandike alichokiona. Kama mara zote mkono wake unakwenda kwa mtu yuleyule, hilo jaji atataka kulisikia, hata kama mkono huo unakwenda kwa kaka yako. Nitakuwa mkweli kwako: aliyechaguliwa miaka sita iliyopita, baba akiwa na akili zake timamu, ni yeye. Jaji atalipima hilo pamoja na habari ya dole gumba. Kuna familia zinazoomba wasimamizi wawili, mmoja hatoi pesa bila sahihi ya mwingine, na kwenu naona lingefaa. Mpelekee kaka wazo hilo kabla hajapokea wito wa mahakama. Mtu akipata karatasi ya mahakama kabla hajapata neno kutoka kwa ndugu yake, huja na wakili.

Kiwanja ni jambo la peke yake. Hata mkipewa usimamizi, kuuza mali isiyohamishika mara nyingi kunahitaji kibali kingine cha mahakama, pamoja na tathmini ya thamani na maelezo kwa nini pensheni haitoshi. Mnunuzi wa kaka akisema hawezi kungoja, mwacheni aende. Matibabu yakikwama leo, ulizeni kuhusu amri ya muda. Mahakama nyingi hutoa mamlaka ya dharura ya siku chache kwa jambo moja, shauri likiendelea. Na yale madeni mliyokopa wenyewe, kusanyeni risiti zote, mziorodheshe kwenye ombi, mahakama iseme mtarudishiwa kiasi gani. Msijilipe kwa mikono yenu.

Mwisho kwako ni hesabu. Msimamizi hufungua akaunti ya peke yake kwa pesa za anayemsimamia, huwasilisha orodha ya mali mwanzoni, na kwa kawaida hurudisha hesabu mahakamani kila mwaka. Wengine hutakiwa kuweka dhamana. Mimi katika mwaka wa pili nilichanganya pesa za mdogo wangu na zangu kwa miezi mitatu, nikiamini nitakumbuka. Nilikaa usiku wa manane nikitafuta risiti za dawa kwenye mifuko ya makoti. Nisizozipata nilizilipa kutoka mfukoni mwangu, na ilikuwa haki. Baada ya hapo nilinunua daftari la mistari, nikawa naandika matumizi kabla sijavua viatu. Mdogo wangu alikuwa akikaa pembeni yangu, nami namsomea kila mstari. Pengine alifuata, pengine hakufuata. Zilikuwa pesa zake.

SWALI

Mama Wakili, mwanangu ana ulemavu wa akili tangu kuzaliwa. Mwezi uliopita alitimiza miaka 18. Tulipokwenda kliniki tuliambiwa mimi si mlezi wake tena kisheria, nilete barua ya mahakama. Yeye anajua dawa zake, anapanda basi peke yake kwenye njia anazozizoea, ila pesa kubwa na maandishi marefu vinamshinda. Nikaombe usimamizi haraka?

Mama wa Kijana

JIBU

Mama, usikimbie. Aliyekwambia umri wa utu uzima unamaliza mamlaka ya mzazi alikuwa sahihi. Ila haifuati kwamba ni lazima mamlaka hayo yahamie kwa mtu mwingine. Yamehamia kwa mwanao.

Mwaka 2006 Umoja wa Mataifa ulipitisha Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, na ibara yake ya 12 inasema watu wenye ulemavu wana uwezo wa kisheria sawasawa na wengine katika nyanja zote za maisha, na kwamba serikali ziwape msaada wanaouhitaji kuutumia uwezo huo. Ujerumani ilikuwa imeshaacha tangu 1992 ile desturi ya kumtangaza mtu mzima kuwa hana uwezo, ikaweka msaidizi wa mambo yale tu yanayomshinda. Peru mwaka 2018 iliondoa usimamizi wa mtu mzima kwa sababu ya ulemavu, badala yake mtu huchagua wa kumsaidia kuamua. Nchi nyingine bado zina sheria za zamani, na yako huenda ni mojawapo. Hata hivyo, kliniki unaweza kurudi na mwanao na karatasi moja aliyoiweka sahihi yeye, inayosema anataka mama yake awepo akielezwa habari za afya yake na amweleweshe. Mweleze kwa maneno mafupi, mara mbili, kwa siku mbili, kisha aweke sahihi mbele ya mtu mwingine. Mara nyingi hilo linatosha.

Benki uliza kuhusu akaunti ya pamoja au yenye kikomo cha kutoa. Likija jambo kubwa kweli, kama fidia, urithi au upasuaji ambao hauelewi hata akifafanuliwa, hapo omba usimamizi wa jambo hilo peke yake. Kijana anayejua njia zake za basi asinyang'anywe saini yake kwa sababu ya karani mmoja.

SWALI

Shikamoo Mama Wakili. Mimi ndiye ninayesimamiwa. Miaka mitano iliyopita niliugua ugonjwa wa akili, nikalazwa mara mbili, na kaka yangu akapewa na mahakama usimamizi wangu na wa pesa zangu. Sasa ni mwaka wa tatu natumia dawa bila kuruka, sijalazwa tena. Nashona, na kazi zinakuja. Lakini nikitaka uzi namwomba kaka pesa, naye huuliza ni wa rangi gani na kwa nini. Nilipomwambia nataka turudi mahakamani alicheka, akasema mtu aliyeandikwa hana uwezo hawezi kufungua kesi. Ni kweli? Nakuwekea tarehe zote na hesabu zangu uone.

Mshonaji

JIBU

Marahaba, mdogo wangu. Si kweli hata kidogo. Sheria nyingi zinampa mtu anayesimamiwa haki ya kuiomba mahakama ibadili amri au iifute, na mahakama iliyotoa amri ndiyo yenye faili lako. Ingekuwa kama kaka yako anavyosema, usimamizi ungekuwa kifungo cha maisha kisicho na rufaa. Uwezo unaopotea kwa ugonjwa unaweza kurudi kwa tiba, na amri ilitolewa kwa hali uliyokuwa nayo wakati ule.

Utakuwa umesikia habari za mwanamuziki wa Marekani Britney Spears. Mahakama ya California ilimweka chini ya usimamizi mwaka 2008, baba yake akiwa msimamizi, na miaka yote hiyo alikuwa akipanda jukwaani na kuingiza pesa ambazo hakuruhusiwa kujiamulia. Juni 2021 alizungumza mwenyewe mbele ya jaji. Julai akaruhusiwa kuchagua wakili wake mwenyewe. Tarehe 12 Novemba mwaka huohuo usimamizi ukafutwa, baada ya miaka 13. Wewe huna umaarufu wake wala pesa zake. Lakini zitazame hatua mbili zilizotangulia: alisema mwenyewe, kisha akapata wakili aliyemchagua. Hizo ziombe na wewe.

Anza na barua. Si lazima iwe ya kisheria. Andika jina lako kamili na namba ya shauri, ambayo iko juu ya nakala ya amri. Kama huna nakala, masjala watakutafutia faili. Sema unaomba amri ya usimamizi ipitiwe upya. Kama kuifuta yote kunakutia hofu, omba sehemu: urudishiwe mapato ya ushonaji wako na akaunti yako, na mengine yaangaliwe baada ya miezi sita. Hakuna aibu kurudi kwa hatua. Omba pia mahakama imwagize kaka yako awasilishe hesabu za miaka yote mitano. Si lazima useme ameiba. Alikuwa na wajibu wa kuzitunza, na wewe una haki ya kuziona.

Daktari wako wa sasa akuandikie ripoti mpya, akieleza lini ulilazwa mara ya mwisho, unahudhuria kliniki namna gani, na una uwezo upi leo. Pata pia barua ya mteja anayekuletea vitambaa, aeleze mlivyopatana bei na ulivyomaliza kazi kwa siku mliyokubaliana. Watu hudharau barua za namna hiyo. Nimeona zikimgeuza jaji kuliko ripoti yenye mihuri mitatu.

Barua ipeleke wewe mwenyewe, ukiwa na nakala mbili. Moja ibaki masjala, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, urudi nayo nyumbani. Karani akikwambia umlete msimamizi wako, mwambie kwa adabu kwamba ombi ni lako na linamhusu yeye, kisha uombe kumwona msajili. Usiondoke bila muhuri. Na dawa usiziache, hata siku utakayorudishiwa saini yako.

Kuhusu ulivyonitumia: barua yako ina tarehe mbili za kulazwa, dawa tatu na saa zake, na hesabu ya mwezi mzima ya vitambaa, vifungo na uzi kwa rangi, nyeusi, nyeupe na ya buluu. Nimeijumlisha mara mbili na kila safu imekubaliana. Jaji ataiona vilevile nilivyoiona mimi. Nimeirudisha kwako kwa posta ya rejista. Itoe nakala, andika juu yake Kielelezo A, uiambatishe.